Baba Bakteria na Likizo ya Msiba

Mheshimiwa Mkaguzi wa Mazingira, Bwana Meneja, ndugu wafanyakazi wenzangu, na wewe mama yetu uliyevumilia harufu ya mumeo kwa miaka thelathini na moja: hamjambo nyote?

Leo tunamuaga, anapostaafu, mzee wetu wa matangi ya majitaka, tunayemwita Baba Bakteria. Mimi, mkemia wa kiwanda hiki, nimesimama kumsifu, ingawa ni mimi niliyewaua wanawe.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa? Rangi zetu za vitambaa zilikuwa zikitoka na maji mpaka mtoni, na bata wa majirani wakawa wa bluu. Mheshimiwa hapa akatupa siku thelathini, la sivyo tufunge. Mzee aliwategemea bakteria wake waule uchafu, lakini rangi iliwashinda. Mimi, kwa kiburi cha shule, nikamimina pipa zima la dawa ya kuoksidisha, ile inayounguza rangi. Maji yakang'aa. Bakteria wakafa wote, na uchafu mwingine ukabaki bila wa kuula.

Kesho yake mzee akaingia ofisi ya utumishi kavaa suti nyeusi, akaomba likizo ya msiba.

"Pole sana, mzee. Umefiwa na nani?"

"Na wote."

"Wangapi?"

"Mabilioni. Wewe andika tu 'familia'."

Akapewa siku mbili. Bwana Meneja, si wewe uliyetuongoza kwenda kutoa rambirambi pale kwenye tangi? Na nani kati yetu hakuinamisha kichwa?

Siku ya tatu akarudi na ndoo ya tope lenye bakteria hai, aliloliomba kutoka kiwanda kingine, kalifunika kwa shali ya mkewe. Nikamwomba radhi.

"Mwanangu," akasema, "dawa yako iwatafunie, wao wameze. Ikatekate rangi kwanza, kidogo tu. Ukali wake ukiisha, ndipo maji yaje kwangu."

Tukapima glasi kwa glasi, tukagombana, tukapatana. Siku ya ishirini na tisa Mheshimiwa akaja, akayatazama maji, akafoka, "Haya ya bomba! Mnanichezea?" Akachota mwenyewe, akapima mara tatu. Tukapona, watu mia mbili na kazi zetu.

Leo asubuhi nilimuuliza mzee: ukishaondoka, nitajuaje kama mambo yako sawa? Alikunja mkono wa shati, akauzamisha mkono wake katika maji yanayotoka, akautoa hauna hata doa, kisha akanipa, ukiwa bado unachuruzika.

Niliushika kwa mikono miwili.

Kwa masikio yenu mliyonipa, nawashukuru sana.