Bi Kinyume na Picha Niliyoishika Kwanza

Ijumaa, tarehe thelathini Juni, Bi Kinyume anakabidhi kalamu yake nyekundu baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha uchapaji. Wahariri wa jarida letu la wafanyakazi wameniomba mimi nimwandike kwa kuwa tumekaa meza moja muda mrefu kuliko ndoa nyingi za humu ndani. Hawakujua kwamba muda wote huo nimekuwa nikimwonea wivu.

Kazini hana mpinzani. Alianzia chumba cha kufunga vitabu, akapanda hadi usomaji wa prufu, zile nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, na koma iliyopotea aliiona akiwa bado anavuta kiti. Hilo nimelizoea. Kilichoninyima raha ni picha.

Yalianza na kitabu kinene cha historia ya sanaa kilicholetwa tukisahihishe. Sisi wengine tulisaka makosa ya herufi. Yeye alikisoma hasa, kisha akaenda maktaba kuazima vingine. Saa ya chakula cha mchana ukimtaka, umfuate jumba la sanaa la mtaa wa nyuma, amesimama mbele ya picha moja mpaka muda uishe. Akajua mchoraji gani alimfundisha nani. Akahudhuria minada bila kunyoosha mkono, akiwaangalia tu wanaonyoosha. Jina la Bi Kinyume alipewa na madalali, maana kila picha aliigeuza kwanza. Alisema mbele picha imejipamba, nyuma ndiko inakoeleza ilikotoka: misumari, mihuri, karatasi za maonyesho ya zamani, majina ya waliowahi kuwa nayo.

Nami sikukubali kuachwa. Nilinunua picha kubwa ya ziwa, fremu ya dhahabu, nikaileta ofisini ili kila mtu aione. Bi Kinyume aliichungulia kwa lenzi yake ya prufu, kisha akanipa lenzi. Vidoti vya uchapaji vilikuwa vimejipanga chini ya gundi iliyopakwa ionekane kama rangi ya brashi. Ilikuwa picha ya kalenda. Kalenda yenyewe ilichapwa hapa hapa kwetu, na prufu yake niliipitisha mimi. Mkuu wa mitambo hadi leo akiniona ananiuliza habari za ziwani.

Halafu ikaja ile ya mwanamke anayeanika nguo. Tulikuwa wawili kwenye mnada wa vyombo vya nyumbani, na naomba ieleweke kwamba niliishika mimi kwanza. Ni ndogo kama sinia la chai, na fremu yake ilikuwa imeliwa na wadudu, nikairudisha nikafuata kabati. Yeye akaiokota, akaigeuza, akakuta kipande cha karatasi ya maonyesho chenye nusu ya jina la mchoraji. Nusu ya pili aliitafuta kwa miaka, vitabuni na kwa wazee waliokumbuka maonyesho yale, hadi akaipata. Mtaalamu wa makumbusho alipokuja na glavu nyeupe kuiazima, ofisi nzima ilipiga makofi. Mimi nilitoka kwenda kunywa maji, na sikuwa na kiu.

Iliporudi aliitundika juu ya meza yetu. Nimeitazama kila siku mpaka najua ni shuka lipi lina kiraka. Tangu tangazo la kustaafu litoke, hofu yangu imekuwa moja tu, kwamba ataondoka nayo nibaki na msumari.

Jumatatu iliyopita aliitungua, akaifunga kwa karatasi za prufu, akaniwekea mapajani. Akasema niichukue, kwa sababu humu ndani hakuna aliyeitazama kama mimi. Kwa mara ya kwanza sikuwa na cha kumwonea wivu, nikabaki kumpenda tu. Baadaye nikamwuliza atakaaje bila hiyo picha. Akanijibu, huku akipanga kalamu zake, kwamba amepata nyingine, nzuri zaidi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa macho yako makali na subira yako kwetu. Pumzika vyema, dada, uwe na afya na siku ndefu. Jumamosi nakuja kuiona hiyo nyingine, na nitaanzia nyuma.