Kopo Chini ya Benchi

Benchi lenyewe ni ubao wa mafundi ujenzi uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha mshona viatu. Kinyozi wa mlango wa pili ndiye mwenye birika la kahawa. Chini ya benchi kuna kopo la maziwa ya unga: aliyepona akabakiza vidonge huvimimina humo, na anayeumwa hulifungua akachagua. Utaratibu huo aliuanzisha mshona viatu mwenyewe, ambaye wote humwita Sindano, baada ya kumzika mkewe. Vidonge vya marehemu vilikuwa vimebaki kabatini, na kuvitupa aliona ni sawa na kumfukuza mwenyewe nyumbani. Akaona heri viwafae walio hai. Kila alipoona mkono ukiingia ndani ya kopo, alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Asubuhi hiyo mkono ulikuwa wa fundi vigae. Kazini hushinda amepiga magoti sakafuni, ndiyo maana wakamwita Magoti. Goti la kulia lilikuwa limevimba hadi suruali inambana. Alichagua vidonge viwili vyeupe na kimoja cha njano, akavisukuma kwa kahawa.

— Umekula? Sindano alimuuliza, macho yakiwa kwenye soli.

— Nikila siwezi kuinama. Nitakula jioni.

— Si jana tu ulimeza vya pinki?

— Vya pinki vinabembeleza. Hivi vyeupe ndivyo vinakamata.

Kinyozi, ambaye jina lake la kijiweni ni Wembe, aliweka birika chini.

— We Magoti, hivyo vitu vinatoboa tumbo. Nina mteja alikuwa anavitafuna kama karanga, akaja kutapika damu.

— Mteja yupi? aliuliza Redio. Huyu ni mlinzi wa usiku. Hukesha na redio sikioni, na asubuhi huleta kijiweni yote aliyosikia.

— Yule mwenye upara.

— Mwenye upara anakuja kwako kufanya nini?

Walicheka. Magoti naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatikia njiani.

— Nisikilizeni, alisema Redio. Wamesema uvimbe ni moto wa ndani. Unaponda tangawizi na manjano, unachemsha, unakunywa. Kwisha.

— Nimeshakunywa sana. Shemeji yenu ananichemshia kila jioni. Sasa anataka nipumzike, niweke mguu juu, nikandwe na kitambaa cha maji baridi. Nipumzike! Mwenye nyumba anahamia Jumamosi na sebule bado ni mchanga mtupu.

— Kitambaa kinasaidia, alisema Sindano polepole. Marehemu nilikuwa namkanda, angalau anapata usingizi.

— Tatizo ni kunywa, Wembe aliingilia. Tangawizi inakwenda tumboni. Goti liko tumboni? Saga manjano, paka palepale panapouma.

— Nijipake manjano, halafu nikapige magoti juu ya kigae cheupe? Mtu wa watu ahamie nyumba yenye alama za magoti yangu?

— Basi kabichi. Jani zima, unafunga nalo usiku.

— Na mke akitafuta mboga?

— Mwambie iko kitandani.

Redio alikuwa bado na lake.

— Ninyi hamjui. Uvimbe ni maji yaliyokosa njia. Lala chini, miguu uiegemeze ukutani, yatatelemka yenyewe.

— Yatelemke mpaka wapi?

— Kichwani. Kwako huko nafasi ipo.

— Hapana, alisema Wembe, sasa amesimama kabisa. Goti moja ndilo linaonewa. Ahamishie kazi upande wa kushoto, na la kushoto livimbe. La kulia likiona lina mwenzake, litatulia.

Sindano hakucheka. Alikuwa ameacha kushona, akimtazama Magoti. Jua lilikuwa halijafika barazani, na mtu huyu jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Midomo ilikuwa imepauka.

— Tumbo umelishikia nini, ndugu yangu?

— Linaniunguza kidogo, tangu juzi. Na choo kimekuwa cheusi kama lami. Ni hii kahawa ya Wembe, anakaanga mpaka inakuwa mkaa.

— Kahawa yangu isisingiziwe!

Redio alikuwa tayari ameliinamia kopo, akichakura kwa kidole.

— Kuna kirefu hapa, nadhani ni cha tumbo. Shika.

Sindano alifunika kopo kwa kiganja.

— Acha, alisema.

Walishangaa. Tangu kopo liwepo, hawajawahi kumwona akimzuia mtu.

Magoti alinyanyua mfuko wake wa kazi, akasema anachelewa. Hakufika mbali. Alirudi akishikilia ukuta, akakaa chini, akatapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, chenye chembechembe kama machicha ya kahawa, na ndani yake mlikuwa na damu.

Hapo mizaha ikaisha. Wembe alikimbilia barabarani kutafuta gari. Redio alimpigia simu mke wa Magoti, ambaye nyumba yake haiko mbali. Alifika kabla gari halijageuza, mguu mmoja una ndala ya bluu na mwingine una nyekundu. Walimlaza mumewe kiti cha nyuma. Kisha mwanamke akawageukia.

— Huko hospitali wataniuliza. Amemeza nini?

— Vyeupe, alisema Wembe. Na cha njano.

— Vyeupe vya nini?

— Vya maumivu, shemeji.

— Vinaitwaje?

Wembe alimtazama Redio. Redio akatazama barabara. Wote wawili wakamtazama Sindano.

Sindano alikumbuka bahasha ndogo za karatasi. Kila moja muuguzi alikuwa ameiandika kwa kalamu: dawa gani, kiasi gani, asubuhi na jioni, baada ya kula. Na juu ya kila moja liliandikwa jina la mkewe. Jina hilo ndilo lililomshinda kulitazama. Baada ya mazishi alimimina vidonge vyote ndani ya kopo, akazichoma bahasha jikoni moja baada ya nyingine, huku akimwombea.

— Hata kimoja, shemeji? mwanamke alimuuliza. Jina la kimoja tu.

— Sijui. Hata kimoja.

Sindano alichukua kopo, madaktari wajionee vidonge wenyewe, akaingia garini upande wa miguu ya Magoti, akalipakata goti lililovimba lisije likagongwa na mlango. Lilikuwa la moto, hata juu ya suruali.