Zumari ya Pili ya Volkmar Tröbs

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Kama uko jikoni unamenya viazi, endelea tu, kipindi hiki hakimkatazi mtu kazi. Leo tunamkumbuka Volkmar Tröbs wa hapa Wendelroda, tuliyemzika Ijumaa iliyopita kwenye makaburi ya juu, nyuma ya kanisa. Volkmar alikuwa fundi wa ndimi za zumari. Na alikuwa mpiga zumari ya pili. Ya pili, wasikilizaji wapendwa. Lishikeni hilo.

Wengi wenu mmemwona bila kumtambua. Kila kiangazi mnapanda ngomeni kusikiliza kundi letu la muziki wa kale. Kushoto wamekaa wa fidla. Kulia zumari mbili. Nyuma yao Hedda Zorn na zumari yake nene ya besi, ndefu kama bomba la jiko. Zumari ya kwanza ni Eckart Tröbs, kaka mtu, kichwa juu, nyusi zinacheza, kina mama wa mstari wa mbele wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Pembeni yake kuna bwana ameinama kama anatafuta kifungo kilichomdondoka. Huyo ndiye alikuwa Volkmar.

Baba yao alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya wa kanisa letu. Mzee yule alipenda konseto na mifululizo ya ngoma za miaka mia tatu iliyopita, zile zilizotungwa kwa ajili ya majumba ya watawala wadogo wadogo wa huku kwetu. Na watunzi wa zama zile walitaka zumari mbili. Moja haitoshi. Basi mzee akawatazama wanawe wawili, akagawa. "Wewe mkubwa, shika ya juu. Wewe mdogo, mfuate kaka yako."

Mjane wa Volkmar, Roswitha, aliniambia juzi: "Maneno hayo ndiyo yaliyomlea mume wangu. Mama mkwe alichangia supu tu."

Zumari hailii bila ulimi. Ulimi ni vipande viwili vya tete vilivyofungwa kwa uzi, vikakwanguliwa kwa kisu hadi vikawa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Tete zuri linatoka kusini, kwenye jua, na enzi zile ukuta uliogawa Ujerumani mbili ulikuwa bado umesimama, huwezi kwenda dukani ukaagiza. Shangazi yao aliyeishi upande wa pili alikuwa akituma kifurushi cha sikukuu, na ndani ya pakiti ya kahawa alikuwa akificha matete. Volkmar akajifunza kukwangua, kwa sababu tete likiharibika hakuna jingine. Mpaka uzeeni alikuwa akisema ulimi mzuri lazima unukie kahawa kidogo.

Mchana alikuwa fundi wa kiwandani, akichonga vyuma. Kiwanda kilipofungwa baada ya ukuta kuanguka, wenzake walihama au walikaa tu kwenye ngazi za nyumba zao. Yeye aliweka meza dirishani, taa moja, visu vyake, akawa fundi wa ndimi. Wapiga zumari wa miji mikubwa walimwandikia. Na hapo mezani, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipokuwa na furaha. Anainua ulimi usawa wa taa, anafumba jicho moja, anatazama mwanga unavyopita, anakwangua kidogo, anautazama tena. Roswitha alikuwa akimwita chakula kinapoa, na yeye akijibu, "Naja, mama," huku hajanyanyuka. Kazi ile aliipenda. Kupiga mbele za watu hakukupenda hata siku moja.

Sasa nisikilizeni hapa. Watu hudhani mpiga zumari huishiwa pumzi. Sivyo. Tundu la ulimi ni dogo mno, hewa haitoki. Inabaki kifuani, imechakaa, na huwezi kuvuta nyingine mpaka uitoe hiyo. Kichwa kinajaa, mishipa ya shingo inasimama. Katika mifululizo ile zumari hutembea na fidla tangu mwanzo, bila kituo kirefu. Halafu fidla zikipewa mapumziko, zumari mbili na besi zinaachwa zicheze peke yao. "Sisi mapumziko yetu ni wenzetu wakipumzika," alikuwa akisema Hedda.

Volkmar alipokaribia kustaafu, alianza kuona maduara ya rangi kuzunguka taa yake. Akaenda kwa daktari wa macho pamoja na Roswitha. Daktari akapima, akapima tena, kisha akauliza bwana anafanya kazi gani. Presha ya macho, akasema. Na kila akipuliza ile zumari, presha inapanda. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa dawa ya matone, na kwa kuacha kupuliza. Kisu na meza aendelee navyo. Zumari aiache.

Roswitha anasema walipotoka nje mumewe alikuwa karibu kutabasamu. "Nilimwona kabisa. Kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa."

Kilichobaki ni kumwambia kaka yake. Volkmar akasema atamwambia baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, akasema baada ya Pentekoste, maana Eckart ana wasiwasi na konseto mpya. Majani yakapukutika, akasema basi baada ya Krismasi. Roswitha akachoka kusubiri, yeye mwenyewe akamwambia shemeji yake, siku moja wakiwa mezani, madonge ya viazi yakiwa bado yanafuka moshi.

"Shemeji, mdogo wako anapofuka."

Eckart aliweka uma chini. Si mtu mbaya, nataka hilo lisikike. Aliuliza maswali, alishika mkono wa ndugu yake, machozi yalimlengalenga. Kisha akasema, "Lakini nikikukosa wewe hakuna zumari ya pili. Na bila ya pili hakuna kundi. Vijana wote wamekimbilia mjini Leipzig. Msimu huu mmoja tu, mdogo wangu. Huu tu."

"Haya," akasema Volkmar.

Msimu huu tu ukawa na wa pili wake. Hedda alisema Eckart angeweza kumwomba maiti abaki hadi Krismasi, na maiti angefikiria. Roswitha alimwambia mumewe, "Wewe bwana una mdomo wa kupulizia, wa kusemea huna."

Hatimaye wakakubaliana wote. Onyesho la Agosti ngomeni, la kufunga msimu, litakuwa la mwisho kwa Volkmar. Safari hii Eckart alitamka mwenyewe, mbele ya Roswitha, na akampa mkono. Volkmar akaanza kuhesabu mazoezi kama askari anayesubiri kurudi nyumbani.

Agosti ile mnaikumbuka kwa joto. Ukumbi ulikuwa umejaa, madirisha yamefunguliwa na hayasaidii. Walipiga konseto, wakapiga ufunguzi wa mfululizo, wakafuata ngoma zake, mpaka ikafika ya mwisho, minueti, ngoma ya taratibu inayokuja kwa jozi. Minueti zina utaratibu wake. Unapiga ya kwanza, kila kipande mara mbili. Unapiga ya pili, nayo kila kipande mara mbili. Kisha unairudia ya kwanza, na safari hiyo kila kipande ni mara moja. Mara moja tu. Asiyejua hilo ni mgeni. Eckart amewafokea watu maisha yake yote kwa kosa hilo. "Mara moja, jamani! Tunakwenda nyumbani!"

Ile minueti ya pili ni ya zumari mbili na besi peke yao. Wakaimaliza. Volkmar jasho linamwingia machoni, kichwa kinagonga, upande wa kushoto haoni vizuri. Wakairudia ya kwanza, watu wote pamoja. Kipande cha kwanza kikaisha. Kimebaki cha pili, halafu basi. Halafu meza yake, taa yake, visu vyake.

Hapo akamsikia kaka yake anavuta pumzi. Amekaa ubavuni mwake tangu utotoni, anamjua kwa pumzi kabla ya sauti. Ile haikuwa pumzi ya kipande cha pili. Eckart alikuwa anarudi mwanzo.

Fidla zote zikaenda mbele. Eckart, mwalimu wa mara moja tu, akarudi nyuma. Na Volkmar, ambaye alijua ni kosa, ambaye kila noti iliyoongezeka ilikuwa inamlia jicho, akarudi naye. Hedda akasikia zumari mbili zimekubaliana, akaziwekea besi chini yake. Wa fidla wakanyamaza haraka, wakashusha pinde, wakangoja. Zumari mbili zikazunguka kipande chote cha kwanza tena, taratibu, kisha fidla zikawapokea kwenye cha pili. Watu wakadhani imepangwa. Mama mmoja alilia. Mimi mwenyewe nilikuwa pale na kipaza sauti cha redio hii, nikasema hewani kwamba ni ubunifu wa hali ya juu.

Baadaye uani, kwenye kahawa na keki ya plamu, Eckart alimvuta ndugu yake kando. Hedda alikuwa karibu, ndiye aliyenisimulia.

"Kwa nini ulinifuata? Ungeniacha niaibike."

"Ungebaki peke yako pale."

"Ni kosa langu, ningelibeba."

"Ungelibeba na nani, kaka? Kula keki yako."

Eckart akaweka keki chini. Akamkumbatia. Na akiwa bado amemkumbatia akasema, "Umeona? Bado tunaweza. Pumzi moja kabisa, mimi na wewe. Msimu mmoja, Volkmar. Mmoja wa kuagana vizuri."

Hedda anasema alitaka kummwagia kahawa. Alimtazama Volkmar, akingoja akatae. Volkmar alikuwa anatafuta sahani yake mezani, mkono unapapasa upande wa kushoto, na sahani iko pale pale.

"Haya," akasema.

Nilimuuliza Roswitha: kwa nini alikubali? Akanijibu bila kuinua macho. "Alikuwa amechoka. Kukataa nako kunataka nguvu, na nguvu zake zote alikuwa amempulizia kaka yake."

Alipiga msimu ule wote. Kabla haujaisha, hakuweza tena kuona mwanga ndani ya ulimi. Alijaribu kukwangua kwa kugusa, kwa kidole gumba na mdomo. Ndimi zikatoka nene, zikatoka zimepinda. Alizitia jikoni kwenye moto, Roswitha akisimama mlangoni. Kisha akavifunga visu vyake kwenye kitambaa. Hakulaumu mtu. Miaka iliyobaki aliketi dirishani, na Eckart alikuwa akija kila asubuhi kumsomea gazeti, na hawakuzungumzia muziki. Mwezi huu moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Volkmar Tröbs, fundi wa ndimi. Mpiga zumari ya pili.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa. Eckart alikuja na zumari yake. Mchungaji alipomaliza, akasimama karibu na jeneza, peke yake, bila fidla, bila Hedda. Tukangoja minueti ile, wengi wetu tunaijua kwa moyo. Akaanza kupuliza, na hatukuitambua. Noti za chini, ndefu, zinapanda kidogo, zinashuka, kama mtu anayetembea chumba cha chini wakati sisi tunangoja wa ghorofani. Watu wakatazamana. Nikamwona Roswitha anaweka mkono kifuani. Eckart alikuwa anapiga ya pili, sauti ya Volkmar katika minueti ile ile.

Hakufika mwisho. Uso ulimjaa damu, mishipa ya shingo ikasimama, sauti ikakatika. Akaushusha mkono. Tukadhani ni kilio. Lakini alipopata kusema, alisema kwa mshangao, kama anayezungumza na ndugu yake na si na sisi.

"Ya juu ina vituo. Mimi kila nikipumua, yeye anajaza. Humu hamna mahali pa kupumua, Volkmar. Hamna hata kituo kimoja. Mbona hukuniambia?"

Kisha akaketi kwenye benchi la mbele, na Roswitha akasogea kumpa nafasi.

Wasikilizaji wapendwa, redio yetu inampa pole Roswitha. Inampa pole Hedda Zorn na kundi zima, ambalo sasa halina zumari ya pili. Inampa pole Eckart, ambaye hatutamwongezea mzigo, anao wa kumtosha. Na kwako wewe unayesikiliza: huenda kuna mtu ubavuni mwako ambaye miaka yote anakushikia sauti ya chini ili ya kwako isikike. Mke, ndugu, jirani, mwenzako wa kazini. Leo jioni zima redio hii, umuulize kama amechoka. Akikwambia hajachoka, usiondoke. Muulize tena.