Fisi Mliyemchoma

Nawasalimu nyote kwa jina la Yesu, hata wewe uliyegeukia dirisha uliponiona nasimama. Pasta ameniomba ushuhuda wa upole. Nimemwambia nitatoa wa kweli, na upole ukitokea njiani, mtauokota.

Wengi mnanijua kama mama wa ndengu pale soko ya Ishiara. Lakini kazi ya moyo wangu ni kuchora wanyama wa porini kwa rangi ya mafuta. Siyo ile ya kupaka milango. Ni rangi ya tyubu, unaipaka kwa turubai pole pole, na inakaa siku nyingi bila kukauka. Na sichori mnyama wa jina tu. Namchora yule mmoja niliyemwona, na kovu lake, na ukucha wake uliovunjika. Wewe uliyenuna hapo mbele, ningekuchora na hiyo midomo ikiwa hivyo hivyo.

Sasa, nikamchora fisi. Nilikuwa naenda alfajiri pale shimo la kichinjio, nakaa na askari wa hapo, namwangalia yule fisi akitafuna mifupa. Alikuwa jike anayenyonyesha, sikio la kushoto limeraruka mpaka karibu na kichwa. Ndugu zangu, nawaambia, yule mnyama ana uso. Ana uchovu wa mama yeyote mwenye mtoto mchanga. Nilimpenda. Mnaguna? Guneni.

Kabla picha haijakauka, fisi akaingia boma la jirani yangu, mama mzee ambaye simtaji, akamaliza mbuzi wake. Kulipokucha mkajaa kwangu. Mzee mmoja wa kanisa, naye simtaji, lakini anajijua na ndiyo maana anaangalia viatu vyake, aliweka kidole kwa mdomo wa fisi kwenye picha. Kidole kikatoka chekundu.

"Ni damu!" akapiga kelele. "Damu ya mbuzi!"

Nikamwambia, "Mzee, ni rangi. Bado iko mbichi."

Mama mmoja akadakia, "Kwani mtu mzuri huangaliana na fisi asubuhi asubuhi? Huyu ndiye anamtuma!"

Mlimbeba fisi wangu mpaka nje ya hili kanisa, mkamwasha. Moto ukaruka, moshi ukatoka mweusi, mkashangilia ati pepo anatoka. Pepo gani? Ni mafuta! Mafuta ya chapati yakishika moto jikoni kwako, huwa unaita pasta?

Hapo ndipo nilianguka. Ndengu zangu zilikaa kwa gunia, mkipita kando kama napima sumu. Msichana wangu alirudi kutoka shule akilia, akaniuliza kama ni kweli mimi hugeuka fisi. Lakini hiyo siyo mbaya zaidi. Mbaya zaidi ni kwamba nilianza kuwaamini. Niliangalia hii mikono nikaiogopa. Nilitupa brashi zote chooni. Mimi, mwanamke wa shamba, nikawa nalala kitandani mchana, siongei, sili, namwomba Mungu aniondolee haya macho. Na hakuna aliyekuja kutoka hapa. Mlikuwa mnakutana kwa maombi, mnaombea mpaka nchi za mbali, na nyumba yangu iko hapo tu mnaiona.

Aliyekuja ni yule mama mzee wa mbuzi. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mwanangu, ile picha ilikuwa na sikio limeraruka?"

"Ndiyo, cucu," nikamjibu, maana kwangu yeye ni kama nyanya.

"Aliyekula mbuzi wangu nilimmulika na tochi. Masikio yake yote ni mazima. Tena anaburuta mguu wa nyuma."

Nikakaa kitako. "Na hukusema?"

"Niliogopa. Walikuwa wengi, na walikuwa wanakasirika kwa ajili yangu."

Ndugu zangu, nilikasirika mpaka nikasikia njaa. Nilikula ugali wote wa jana. Kuna wanaoponywa kwa kuwekewa mikono. Mimi niliponywa na hasira, na sioni haya. Kwa sababu nilikuwa nimechora ukweli. Ningechora fisi wa kubahatisha, hakuna mtu duniani angeweza kunitetea. Lile sikio ndilo lilikuwa shahidi wangu, na nyinyi mkachoma shahidi.

Halafu cucu akasema, "Sasa nichoree yule mwizi." Akakubali kiti. Akanielezea kichwa, mgongo, ule mguu, mimi nafuta, yeye anakataa, nafuta tena. Yule askari wa kichinjio aliniletea brashi mpya kutoka Embu. Picha ilipokauka niliitundika pale ninapouzia, na wenye mbuzi kutoka upande wa mtoni wakasimama: "Ni huyu! Alikuja kwetu pia!" Siku hiyo mlirudi kununua ndengu, mkaniuliza habari za siku nyingi. Neno pole sikulisikia. Mpaka leo.

Kwa hivyo, asante cucu. Ulichelewa, lakini ulikuja. Asante askari, ambaye hata si wa kanisa hili. Asante binti yangu, uliyeniuliza mimi mwenyewe badala ya kuwauliza watu. Na somo langu ni fupi: kabla hujachoma kitu, kiangalie vizuri. Mkishindwa hata hiyo, basi shikeni kiberiti mbali na mimi.

Nimalizie. Kamati imeniomba nichore safina ya Nuhu kwa ukuta wa darasa la watoto. Wameniambia niweke twiga, ndovu, simba, njiwa. Halafu mmoja akaninong'oneza, "Lakini mama, fisi tafadhali wacha."

Nitachora. Na fisi watakuwa wawili, dume na jike, wakipanda mbele kabisa. Nuhu hakuuliza kamati. Asiyetaka kupanda nao, abaki nje anyeshewe.