Mwenye Jina Yupo

Niinueni, niegemezeni ukutani, na hilo dirisha lifungueni, siwezi kuaga watu nikiwa chali. Agatha, usininyamazishe. Madaktari wa Mkomaindo wamenirudisha hapa Newala nifie kwangu, hawakunirudisha nipumzike, na pumziko linakuja lenyewe, halihitaji kuharakishwa. Simu imeshika mtandao? Itazame tena. Haya, wanangu wawili niliobaki nao, tegeni masikio, maana mama yenu Bibiana hatarudia.

Nyumba hii na tangi la maji ya mvua ni vya Agatha, kama nami nilivyovipata kwa mama yangu, na kiangazi kikikaza asinyimwe jirani ndoo. Mikorosho igawaneni kwa ile njia ya katikati, Erasto achukue upande wa bondeni. Hayo ni mepesi, shamba haliondoki lilipo. Kinachonigeuzageuza kitandani ni jina.

Mama yangu Namwete alikaanga korosho zake sokoni hapa tangu enzi ambazo mnunuzi alikuwa mmoja tu, na bei ni aliyoisema yeye. Soko huria lilipokuja, wakapanda mlima wanunuzi wa kila namna, wa kangomba wakiwamo, wale wanaokujia miezi ya njaa na sukari mkononi wakanunua korosho zako zikiwa bado maua. Mama akanifundisha: mnunuzi usimwulize anakupa nini leo, mwulize utatokaje mikononi mwake kesho. Baadaye mimi na kaka yangu mkubwa, Yeremia, tukaikuza biashara yake, tukapata wateja wa mbali, tukaambiwa tuwe na jina letu mtandaoni, namwete dot co dot tz, na kwamba jina hilo halinunuliwi likawa lako milele, bali kuna kampuni za kulisajili na kulitunza, nawe unalipa kila mwaka, ukizembea linachukuliwa na mwingine. Kampuni zenyewe zilikuwa nyingi, soko huria lilelile. Yeremia akamchagua Cecil wa Dar es Salaam kwa kuwa mwaka wa kwanza ulikuwa bure, nami sikumpinga kaka yangu mbele ya mgeni. Bure! Kangomba mwenye tai shingoni.

Cecil akauliza mmiliki aandikwe nani. Kwetu mali ya ukoo hukaa kwa mjomba, naye huwatunzia watoto wa dada yake, basi tukaandika Yeremia na hakuna aliyebisha.

Kisha Yeremia akatangulia. Siku ya kumaliza matanga wazee walikukalisha mkekani, Erasto, wakakuvika shati la mjomba wako, wakakurithisha jina lake. Tangu siku ile wewe ndiye Yeremia. Watoto wake wanakuita baba, na mimi niliyekuzaa, niliyekufuta makamasi, nikaanza kukuamkia shikamoo kaka, nawe ukawa unaitikia marahaba, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa raha zako. Usicheke, Agatha, na wewe ulimpigia magoti.

Hapo ndipo Cecil alipopandisha bei, akaacha kupokea simu, na tovuti ikazimika katikati ya msimu, wateja wakadhani tumefunga. Nikasema tuhame. Tukampata yule binti, Glory, wa kampuni nyingine, anayejibu swali hata likiulizwa kijinga, akatueleza kwamba kuhama si vita: Cecil anatoa namba ya siri, Glory anaiingiza, jina linabadili mtunzaji na mwenyewe anabaki yuleyule, ila ni lazima huyo mwenyewe aridhie. Cecil akapiga simu hapa nyumbani, akaniuliza, "Mama, mwenye jina yupo?" Nikamjibu, "Yupo, anakula ugali." Nikakupa simu, ukasema mimi ndiye Yeremia. Akaomba kitambulisho, ukakituma, kimeandikwa Erasto. Akalifunga jina lisihamishwe, akasema sisi ni wezi. Mimi, mwizi wa jina la mama yangu!

Sikusema uongo, na radhi siombi. Newala nzima ingeapa kwamba Yeremia yupo. Lakini Dar es Salaam hawakuwepo kwenye ule mkeka, na kwa hilo, nasema kwa uchungu, Cecil hakukosea, maana akimwamini kila ajiitaye Yeremia, kesho jina limeibwa kweli. Anataka cheti cha kifo na barua ya ndugu wa tumbo moja, na wa tumbo moja nimebaki mimi. Jina linaisha muda mwisho wa mwezi huu, na mimi na mwezi sijui nani atamtangulia mwenzake. Cheti mmekileta, barua Agatha ameiandika, na kila mkinisogezea naisukuma. Mnadhani ni ukaidi wa ugonjwa. Wanangu, mtu akishakalishwa mkekani hatusemi tena kwamba aliyemwachia jina amekufa. Mdomo huu haujapata kusema. Nikisema, sina kaka tena, na naogopa.

Nilazeni kidogo. Hapana, niinueni.

Jina likishahamia kwa Glory, msiandike Agatha wala Erasto, nawajua, mmeshaanza kununiana. Andikeni biashara yenyewe, na barua pepe iwe ya biashara, nywila muijue wote wawili. Mwulizeni Glory bei ya mwaka wa pili kabla ya wa kwanza, na mwulizeni mtatokaje siku mkitaka kutoka, akinuna hameni mapema. Cecil msimtukane, usitukane wakunga na uzazi ungalipo, ufunguo bado uko kwake. Na nikishafukiwa, jina langu mpeni mtakayempenda, mkalisheni mkekani, lakini cheti changu kichukueni kwanza.

Maji. Basi, yametosha.

Lete hiyo barua, Agatha, na kalamu, kabla mkono haujakataa. Nishike kiwiko. Nisomee... usilisome hilo neno, nitalisema mwenyewe. Kaka yangu Yeremia amekufa. Amekufa. Mmesikia wote wawili. Haya, sahihi imepinda, lakini ni yangu. Ipige picha, iende leo, siyo kesho... mtandao ukisumbua panda kule barabarani.

Mungu awape mvua ya kujaza tangi. Awape korosho nzito na wateja wasio na hila. Mpatane... mkigombana, mgombane mchana, jioni mle pamoja. Yaliyo yangu nimewaachia, na radhi zangu mnazo.

Kaka, sogea... Hapana. Erasto. Njoo karibu, mwanangu, kichwa kiweke hapa. Leo niamkie wewe.