Kisima Kilicholala Ndani ya Kompyuta

Kijiwe cha mama Abang kiko Kakuma mjini, kando ya barabara ya Lokichoggio, mahali mabasi yanapopunguza mwendo bila nia ya kusimama. Ni ubao wa lori uliolazwa juu ya mapipa mawili, na mbele yake mama Abang hukaanga kahawa, akaitwanga pamoja na tangawizi, akaimimina kutoka chombo cha udongo chenye shingo ndefu. Wateja wa kudumu ni watatu. Kuna Mzee Lokiru, aliyechanja mifugo miaka thelathini, wakamwita Daktari wa Ngamia. Kuna Wekesa, fundi wa redio kutoka Bungoma, aitwaye Volti. Na kuna Tap, mwendesha bodaboda, ambaye kwa kuwa hajapata kufika popote kwa wakati, huitwa Chapchap. Asubuhi moja, saa nne, aliwajia Akaale, katekista, amekumbatia kompyuta kifuani kama mtu aliyemwopoa mtoto mtoni.

Akaale hakuwa mtu wa vijiwe. Mara mbili alikuwa amehubiri juu ya wanaoketi barazani pa wenye mizaha, na mara zote mbili macho yake yalielekea upande wa ubao huu. Lakini saa sita kamati ya maji ingefika kutoka Lodwar, iketi katika ukumbi wa kanisa, itazame michoro ya vijiji viwili; na kimoja tu ndicho kingechimbiwa kisima. Mchoro wa kijiji chake ulikuwa ndani ya mashine hii. Both, mchoraji wa kambi ya wakimbizi, alimkabidhi jana alasiri kabla ya kupanda basi la kwenda masomoni Eldoret. Ulikuwa na kilima, laga, yaani mto wa msimu, kisima na hori la mbuzi, vyote vikizunguka kwenye kioo kila ulipovigusa, ili mtu aone maji ya mvua yatapita wapi. Jana ulizunguka kama pia. Leo, baada ya mashine kulala usiku kucha, uligeuka hatua moja, ukatulia kama unaotafakari, ukageuka nusu hatua.

— Ejok, mama katekista, alisema Lokiru, akimpisha kwenye ubao. Leo umekuja kutuokoa ama kutuhesabu?

— Ejok, mzee. Nimekuja kuomba msaada, na Mungu anisamehe.

Akawaeleza. Maandishi yalikuja vizuri, alisema. Picha ndizo zilizoburuta miguu. Lokiru aliipapasa mashine chini ya tumbo, akaisikiliza ubavuni, akauliza ilikula nini jana.

— Hii ni mambo ya ngamia, aliamua. Ngamia ikiamka, inainua matako kwanza, halafu inangoja. Maandishi ndio matako. Picha ni kichwa, itafuata. Ukiharakisha, inakutemea. Wacha ilale tena kidogo.

Akakifunga kifuniko kwa upole, akaitandikia shuka lake, nao wakanywa kikombe kimoja kwa heshima ya mgonjwa. Walipoifungua, kilima kiligeuka robo hatua.

Volti alicheka hadi akapaliwa. Alieleza kwamba picha ni nzito kuliko maandishi, jambo ambalo kila fundi analijua, na kwamba mashine ikilala usiku mzima juu ya meza, picha zote hushuka chini kama majani ya chai.

— Na wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa ndio tunaiinamisha.

Akaifunga, akaipindua kichwa chini, akaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa na uji. Walipoiweka sawa na kuifungua, kilima kilisogea lakini hori likabaki nyuma, na kwa muda wa nusu dakika mbuzi wa Both walikunywa hewa.

Akaale alitazama jua. Moyoni alisema Zaburi ya mia na ishirini na moja, akainua macho yake aitazame milima msaada utakapotoka, na mlima pekee uliokuwa mbele yake ulikuwa ule uliokwama.

— Nyinyi wazee mnabahatisha tu, maze, alisema Chapchap. Nani aliunda hizo picha? Si Both? Sasa lapu ikilala, picha zinamfuata Eldo. Zinaona mvua, zinaona mahindi. Ukifungua asubuhi, bado ziko njiani. Saa hii ziko Kalemng'orok, nakuambia, basi imepata pancha.

Volti aliuliza, bila kutabasamu, kama kondakta angewakubalia mbuzi kupanda. Chapchap akajibu kwamba mbuzi wa kuchorwa hukaa kwenye keria, juu ya basi. Dawa yake ilikuwa kuifunga mashine, kungoja basi la Kitale, na kuifungua basi likipita, ili wasafiri washukie papo hapo.

— Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, aliongeza.

Wakangoja. Basi likapita kwa honi na vumbi. Chapchap akafunua kifuniko kama anayefungulia abiria mlango. Hakushuka hata mbuzi mmoja.

Hapo Mzee Lokiru akavua viatu vyake vya ngozi. Kila mtu alijua maana yake: wako wazee wa Turkana wanaorusha viatu na kusoma habari katika jinsi vilivyoanguka.

— Vaa viatu vyako, mzee, alisema Akaale, na sauti ilikuwa ile ya mimbarani. Mfalme Sauli naye aliishiwa subira, akapiga mbio Endori kwa mwanamke wa pepo. Unajua kesho yake alilala wapi: vitani, maiti.

— Sijaita pepo, mama. Nauliza kiatu tu.

Navyo vilikuwa vimekwisha kuruka. Kimoja kilisimama wima, kingine kikaelekea Uganda. Lokiru aliinama juu yake muda mrefu, kisha akatangaza kwamba kompyuta imekasirika kwa sababu kila mwanamume wa maana huitwa kwa jina la fahali wake, na hii imelazwa na kuamshwa bila jina, kama mzoga. Ifungwe, ipewe jina, iamshwe kwa kuitwa.

Akaale alifumbua kinywa amkemee, ndipo akaiona miguu ya mzee: nyayo zilizopasuka kama ardhi ya laga, miguu iliyotembea miaka thelathini kuwatibu mbuzi wa watu wengine. Akainama, akaviokota viatu, akamwekea miguuni. Hata mashine ilipofungwa mara nyingine tena, ikapewa jina na kuitwa kwa sauti kuu, hakuwakataza. Nayo iliamka vilevile.

Saa tano na nusu akatokea Namuar. Alikuwa mjane wa kijiji chake Akaale, ametembea tangu alfajiri na mtungi mtupu wa plastiki mgongoni, kwa sababu alisikia kwamba leo kisima kingeonekana. Hakuwa amewahi kuiona kompyuta. Mama Abang akampa kikombe cha mwisho.

— Kisima kiko wapi? aliuliza.

— Kimo humu, dada, alisema Akaale. Lakini kinaumwa.

Namuar aliitazama mashine kama mfugaji anavyomtazama mnyama wa jirani.

— Inaumwa kabla haijalala, ama ikiamka?

— Ikiamka.

— Na isipolala?

— Isipolala haina ugonjwa.

— Sasa ni nani anailaza?

Lokiru akauondoa mkono wake juu ya kifuniko, polepole, kama ulikuwa mkono wa mtu mwingine. Volti akaikagua kucha yake. Chapchap akaikumbuka pikipiki yake. Mama Abang akakiinamisha chombo cha udongo, na halikutoka hata tone.

Naye Akaale, aliyekuwa tayari kuwahukumu wote watatu, akajiona mwenyewe jana usiku. Both, kwa haraka ya basi, alimwonyesha namna ya kuifungua mashine. Kuizima hakumwonyesha, naye aliona haya kuuliza. Alipomaliza kuutazama mchoro, aliifunga kama anavyoifunga Biblia yake, kwa mikono miwili, akaibariki, akaenda kulala. Akawakumbuka wanafunzi waliosikia kwamba Lazaro amelala, wakafurahi wakidhani usingizi utamponya, hadi Bwana alipowaambia waziwazi kwamba amekufa. Kumbe wapo wagonjwa wasioponywa na usingizi, ila kwa kufa kabisa na kufufuka.

— Volti, alisema, inazimwaje kabisa?

— Unaminya hapa, unashikilia. Lakini mama, kama Both hakuihifadhi hiyo picha, kisima kimeenda.

Akaale alimtazama Namuar, na ule mtungi.

— Chembe ya ngano isipoanguka ikafa, hukaa peke yake, alisema, akaminya.

Kioo kikawa cheusi. Ndani yake waliona nyuso zao, zimesongamana kama za wafiwa.

— Imekufa? aliuliza Namuar.

— Imekufa.

Hakuna aliyetoa nadharia. Akaale alihesabu hadi arobaini, kwa kuwa hiyo ndiyo hesabu aliyoiamini, akaminya tena. Mwanga ukaja. Mchoro ulikuwapo. Alipougusa kwa kidole, kilima kikazunguka kwa wepesi, laga ikapita, mbuzi wakalifikia hori lao kwa wakati. Namuar akaweka kidole chake juu ya maji, kisha akakitazama kama kimelowa.

Kutoka kijiweni hadi ukumbini ni mwendo wa robo saa. Akaale aliibeba ikiwa wazi, kama mwanamwali mwenye taa na mafuta, naye Namuar akitembea ubavuni na shuka lake limetandazwa dhidi ya vumbi. Nyuma yao walikuja Lokiru, Volti na Chapchap, aliyeisukuma pikipiki, na kwa hiyo alifika mahali kwa wakati kwa mara ya kwanza maishani.

Kamati ilikuwa imeketi. Mwenyekiti, mtu mwenye adabu, akasimama kuwapokea.

— Karibuni. Mama katekista, funga hiyo mashine kwanza, halafu utuongoze kwa maombi.

Nyuma ya ukumbi Mzee Lokiru akashika kichwa.

— Mwenyekiti, alisema Akaale, tuliambiwa tukeshe na kuomba. Hii itakesha.

Akaiweka mezani, wazi, akaanza kumwita Mungu wa Isaka, aliyechimba visima vikagombewa, akachimba tena. Watu wote ukumbini wakafumba macho, isipokuwa wawili: Akaale na kompyuta.