Mkaguzi Aliyegonga Kuta

"Nyumba yangu ni ya matofali! Huna macho?"

"Matofali ya urembo hayo, jirani! Ndani ni mbao tupu!"

Wasikilizaji wapendwa, hao walikuwa mwalimu wa chekechea na jirani yake, fundi cherehani. Mwalimu alitaka watoto ishirini wakasomee ghorofani kwake. Fundi akasema huko juu si salama. Mtaa mzima ulitoka kusikiliza. Na mimi nilikuwepo, siwafichi. Ndipo akaja mkaguzi wa majengo, tunayemkumbuka leo. Sisi tulimwita Babu Gonga.

Kwa nini Gonga? Hakuamini sura ya nyumba. Aligonga ukuta kwa kidole, akatega sikio. Majengo aliyapanga katika madaraja matano. La kwanza, zege na chuma, visivyoshika moto. La tano, mbao hadi kwenye mifupa. Narudia: alitazama kinachoibeba nyumba, si kinachoivisha.

Mjane wake ameniambia, "Hata siku ya posa aligonga ukuta wa kwetu. Baba akamuuliza, 'Kijana, unaoa binti au nyumba?'"

Basi akagonga kwa mwalimu. Ko, ko, ko. Uwazi mtupu.

"Daraja la tano, binti yangu. Watoto wabaki chini."

"Babu, umeniua! Wazazi nimeshawaahidi, na chini hawaenei!"

"Mbao si dhambi, hata kwangu ni mbao. Ila moto ukiwaka, watoto ishirini na ngazi moja, hapana."

Fundi cherehani akaangua kicheko. Babu akamgeukia. "Wewe unacheka nini? Yako ni pacha wa hii!"

Mwalimu akanuna. Lakini Jumamosi Babu alirudi na msumeno, kavaa suruali kuukuu. Akagonga kuta za chini moja moja, akaupata mmoja usiobeba kitu, kati ya sebule na stoo. Akauondoa, fundi akimshikia mbao. Chumba kikawa kimoja, kikubwa. Watoto ishirini wakaenea, na mlango wa pili ukafunguliwa uani.

Babu Gonga ametutoka wiki iliyopita, na miaka yake themanini na mmoja. Mama mjane, watoto, wajukuu, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: nani kati yetu anajua nyumba anayolala inabebwa na nini?

Jumamosi ile, kazi ilipokwisha, Babu alikuwa anajikung'uta vumbi aondoke. Mwalimu akamziba njia.

"Unakwenda wapi, Babu? Nimekununia wiki nzima, sasa nimechoka. Nawa mikono, ingia ule. Na wewe fundi, usijifanye mgeni. Ingia!"